Tulivyomchagulia Mama Hewa

Kaka yangu alirudi likizo kutoka Muskati mwaka ule akiwa na masanduku manne na maoni yasiyohesabika. Siku ya pili tu, baada ya sala ya alfajiri, akamsikia mama akikohoa uani. Mama alikuwa na kikohozi chake cha siku nyingi, kikavu, cha kukatakata, ambacho sisi tuliokaa naye Gombani tulikwisha kukizoea kama watu wanavyouzoea mlango unaolia. Kaka hakuwa amekizoea. Akatoka chumbani na seruni yake kiunoni, akasimama katikati ya ukumbi, akavuta pumzi mbili tatu kama anayenusa samaki sokoni, kisha akatoa hukumu.

"Ni hewa," akasema. "Hewa ya nyumba hii chafu."

Nilikuwa nikitia sukari kwenye chai. Nikamtazama. Wageni hutoka nchi za mbali, wakishuka tu Pemba wakafungua vifua na kusifu: hewa hii, mikarafuu hii! Na mtu wa kwanza kuilalamikia ni mtoto aliyezaliwa humu humu, tena anayeishi mji ambao, kwa maneno yake mwenyewe, kuna miezi huwezi kutoka nje adhuhuri ukarudi na akili zako.

"Kule kwangu nina mashine ya kusafisha hewa," akaendelea. "Watoto hawajui mafua."

Hao watoto niliwaona kwenye simu ya video wiki ya kabla yake, kamasi zinawachuruzika wote wawili. Lakini yeye ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyeijenga upya nyumba tuliyomo. Mtu akishakujengea nyumba, humtajii kamasi za wanawe.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha sayansi sekondari kwa miaka mingi, na nimewapa wanafunzi wangu sifuri kwa kutaja jibu kabla ya kulichunguza swali. Asubuhi ile ingenipasa niulize jambo moja: mama anakohoa saa ngapi, na akiwa wapi? Sikuuliza. Nilifurahi, na kwa sababu ya kijinga kabisa: hakukuwa na nyumba niliyoijua Gombani iliyokuwa na mashine hiyo.

Mama alipopelekewa habari, alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mashine ya hewa?" akauliza. "Na hino nnayovuta ni nini?"

"Hiyo chafu, mama," kaka akamwambia.

"Basi mbona sijafa?"

"Usiseme hivyo, mama."

Akaendelea kukuna.

Kaka aliporudi Muskati alifungua kundi la WhatsApp akaliita "Hewa ya Mama". Akatutia watu kumi na tatu: mimi, mashangazi, mabinamu ambao hawajafika Chake tangu harusi ya mwisho, na mjomba wetu wa Fundo, mvuvi, ambaye nadhani alitiwa kwa bahati mbaya. Mama mwenyewe hakutiwa. Simu yake ilikuwa ya vibonye.

Kila siku kukawa na picha. Mashine nyeupe, mashine nyeusi, mashine ya duara kama birika, mashine ndefu kama nguzo ya kitanda. Shangazi mmoja alipenda ya rangi ya dhahabu ili iendane na mapazia. Binamu mmoja akatuma sauti ya dakika saba kueleza kwamba mashine za Ulaya ni bora kuliko za China, kisha akatuma nyingine kuomba radhi, kwani amegundua ya Ulaya nayo imetengenezwa China. Mjomba wa Fundo alingoja siku nne, halafu akaandika: "Hiyo hewa mnayotaka kuisafisha mmeitoa wapi?"

Kaka akashikilia jambo moja: mashine iwe na chujio la hepa. Nikampelekea mama habari.

"Kaka asema lazima iwe na hepa."

"Ihepe nini?"

"Siyo kuhepa, mama. Ni jina la chujio. Linazuia vumbi dogo lisiloonekana kwa macho."

"Kama halionekani, mwajuaje kama lipo?"

Nikaanza kumsomesha kama darasani, chembe na kipimo chake, mapafu na vijimfuko vyake. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akainuka kwenda kutia makumbi ya nazi motoni, akaanza kukohoa. Mimi nikarudi ndani kuangalia picha.

Kaka akataka vipimo vya nyumba, kwa maana kila mashine ina ukubwa wa chumba inachokiweza. Nikazunguka na futi ya fundi cherehani. Nikapima ukumbi, nikapima vyumba vyote vitatu, nikapima hata ile korido ambayo haina kitu ila jozi za viatu. Nikampigia.

"Nipime na jiko?"

"Jiko la nini? Nani anakaa jikoni?"

Nikaona ana hoja. Mimi mwenyewe sikuwa nikikaa jikoni. Jiko letu ni banda la matofali lililoko uani, na aliyekaa humo kuanzia asubuhi mpaka alasiri alikuwa mtu mmoja tu.

Kabla ya kuagiza kwa kaka, shangazi wa mapazia alishauri tutafute kwanza Chake, pengine imeshafika. Nikaenda na mama, kwa kuwa hewa ni yake. Duka la kwanza lilikuwa la vifaa vya umeme, na mwenyewe ni mtu mwenye maneno matamu ambaye hajawahi katika maisha yake kumwambia mteja "hicho sina".

"Mashine ya kusafisha hewa? Ipo, mwalimu. Karibuni, Bi mkubwa, karibuni."

Akatoa kidude cha plastiki chenye umbo la kitunguu. Akakitia maji ya chupa, akakichomeka. Kikaanza kutoa moshi mweupe juu, mwembamba, huku kinabadilisha rangi: kijani, buluu, zambarau.

"Hii inasafisha, inalainisha, na ukitaka inanukiza. Unatia matone mawili ya mafuta ya karafuu humu ndani."

Mama akainama, akaunusa ule moshi. Akaingiza kidole, kikatoka kimelowa.

"Mwanangu," akamwambia yule bwana, "hiki ni chetezo cha maji."

"La, Bi mkubwa, hii ni teknolojia."

"Kuno kwetu unyevu hatununui. Nguo yangu ya juzi haijakauka mpaka leo."

Yule bwana hakukata tamaa. Akaingia stoo, akarudi amekumbatia boksi la vumbi lililotoka kwenye kontena la vitu vilivyotumika. Ndani mlikuwa na mashine nzito ya kijivu, imeandikwa maandishi ya Kijapani kila upande.

"Hii ndiyo yenyewe. Mjapani hachezi na hewa."

"Umejuaje kama ni ya hewa?" nikamuuliza.

"Si unaona matundu?"

Akaichomeka. Ikanguruma. Tukasogea mbele kupokea hewa ya Kijapani. Kwanza ikaja harufu ya vumbi linaloungua, kisha ukaja usoni upepo wa moto kama mtu aliyefunua tanuri la mikate. Ilikuwa mashine ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Nasi tulikuwa Chake Chake, mwezi wa pili, saa sita mchana, chini ya bati.

Mama akarudi nyuma, ameushika ushungi wake. "Hino wekea wasiosali," akasema, akatoka nje. Alicheka njia nzima, na kila akicheka akakohoa. Tukasimama mara tatu kabla ya kufika nyumbani.

Basi kaka akaagiza mwenyewe. Mashine ililetwa na mtu wa kwetu aliyekuwa akirudi. Ikapanda ndege, ikapanda boti, ikapanda gari, ikaingia Gombani imefungwa mablanketi kama mgonjwa. Tulipoifungua, shangazi alipiga kigelegele. Ilikuwa ndefu, nyeupe, laini, na kifuani ilikuwa na taa moja. Hewa ikiwa njema, taa huwa ya buluu. Ikiharibika kidogo, ya njano. Ikiwa mbaya, nyekundu.

Tukaiweka ukumbini, mahali pa heshima, baina ya televisheni na kabati la vyombo visivyotumiwa. Mama akaleta kitambaa chake alichokifuma kwa mkono, kile cha sikukuu, akaifunika. Kaka kwenye video akapiga ukelele.

"Itoeni nguo hiyo! Mnaiziba pumzi!"

"Yasimama uchi mbele ya wageni," mama akamjibu.

Kikatolewa. Kisha yakaja masharti. Madirisha yafungwe, milango ifungwe, mapazia yashushwe, la sivyo tunasafisha hewa ya Pemba nzima. Tukafunga. Feni nayo ikazimwa, kwa vile kaka alisoma kwamba inavuruga. Kila alasiri, baada ya kupika na kuosha vyombo, mama alitakiwa akae saa moja mbele ya mashine avute hewa safi, nami nimpige picha niitume kundini kama ushahidi. Ninazo mpaka leo picha hizo. Mama ameketi wima kwenye kochi, jasho linamtiririka hadi kidevuni, mikono juu ya mapaja, mbele yake taa ya buluu. Watu kumi na wawili wanaandika mashaallah.

Wageni walikuja kuiona. Mwanamke mmoja alikuja na mumewe mwenye mafua, akaomba akalishwe hapo nusu saa. Alikalishwa, akasinzia, akaamka akasema anajisikia mtu mwingine. Mafua alituachia sisi.

Ijumaa moja mama alifukiza udi ukumbini, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu nimejijua. Chetezo hakijapita mlango vizuri, mashine ikaanza. Taa ikaruka kutoka buluu hadi nyekundu bila hata kugusa njano, na ule mnong'ono wake ukageuka mngurumo wa boti inayoondoka gatini. Kaka alikuwa ameiunganisha na simu yake kwa intaneti, na papo hapo akapiga kutoka Muskati, sauti imempanda.

"Mnachoma nini humo ndani?"

"Udi," nikasema.

"Zimeni! Mnajua udi una sumu gani? Nani kakuruhusuni?"

Mama akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Udi uloniletea weye," akamwambia. "Wa kwenye kikopo chekundu. Ulisema ndio waufukizao wakubwa wa huko."

Kisha kaka akasema mtandao mbaya, akakata.

Na muda wote huo mama alikuwa anakohoa. Naliandika hili kwa aibu, maana ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na sisi tuliligeuza kisingizio. Kundini watu waliandika kwamba anaendelea vizuri. Mimi nilikuwa wa kwanza kuandika hivyo. Nilikuwa ninatazama taa, na taa ilikuwa buluu.

Siku moja nilirudi kutoka skuli nikamkuta amekaa chini kwenye kizingiti cha jiko, kiganja kimoja kifuani, hawezi kumaliza neno. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikaita gari tukakimbia hospitali. Wakampa dawa ya kuvuta kwa kifuniko cha puani, na polepole pumzi zikamrudia. Daktari alikuwa msichana mdogo wa umri wa wanafunzi wangu. Alivuta kiti akakaa karibu na mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaona ni wakati wa kusaidia. "Daktari," nikasema, "nyumbani tuna mashine ya kusafisha hewa. Ina chujio la hepa."

"Hongera," akasema, bila kunitazama. "Bibi, unapikia nini?"

"Kuni. Na makumbi ya nazi."

"Jiko lina dirisha?"

Mama aligeuza uso akanitazama, na si kwa hasira.

"Lilikuwa nalo," akasema.

Hapo nikakumbuka. Kaka alipoijenga upya nyumba, ukuta wa ukumbi ulipakwa rangi nyeupe kwa nje, nyeupe ya maziwa, nami ndiye niliyeichagua. Dirisha la jiko lilitazama ukuta ule. Wiki ya kwanza tu ukaanza kuingia weusi wa moshi. Kaka akasema haiwezekani, dirisha lizibwe. Fundi akaliziba kwa matofali. Hata ule uwazi wa chini ya mabati tukaupigilia mbao, paka wasiingie. Ukabaki mlango. Ukuta ukabaki mweupe mpaka tukausahau.

"Hukusema, mama," nikamwambia pale pale kitandani.

"Nilisema. Mlikuwa mwachagua rangi."

Daktari akaandika dawa zake akatuacha.

Nilimpigia kaka kutoka kwenye bustani ya hospitali, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Sikiliza," akasema. "Ihamisheni mashine. Iwekeni jikoni."

Na mimi, mwalimu wa sayansi, mwenye shahada, niliihamisha. Nilivuta waya kutoka ukumbini, nikaiweka kwenye pembe ya banda, mbali kidogo na mafiga, nyeupe kama bibi harusi aliyepotea njia. Mama, ambaye daktari alimwambia apumzike, alikuwa amelala ndani. Siku hizo nilipika mimi. Nikawasha kuni. Taa ikawa nyekundu na haikugeuka tena rangi nyingine. Ilinguruma siku ya kwanza, ikanguruma siku ya pili. Siku ya tatu ikatoa mlio mwembamba kama paka aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza.

Nikaifungua mgongo. Chujio ililokuja nalo lilikuwa jeupe, limekunjwakunjwa kama karatasi ya pazia. Nililotoa sasa lilikuwa jeusi tii, linanata, masizi yake yakanishika vidoleni hayataki kutoka. Siku tatu. Na mimi mwenyewe kwa siku hizo tatu macho yalikuwa yananichoma, koo limekauka, na nilikwisha kumlaani kila aliyebuni maharage. Nikalishika lile chujio, nikahesabu miaka tangu dirisha lilipozibwa. Nikaketi chini hapo hapo nikalia, na moshi ukanipa kisingizio.

Sikuuliza kundi. Nilimwita fundi wa mtaani, akaja na mtaimbo. Nilimwonyesha mahali. Tofali la kwanza lilipotoka, mwanga ukaingia, na moshi ukapita hapo hapo ukitoka nje kwa haraka, kama watu waliokuwa wakingoja ofisi ifunguliwe. Mama alisikia kishindo, akaja na fimbo, akasimama mlangoni.

"Hapo palikuwa na mbao pia," akamwambia fundi, akionyesha juu. "Na hizo toa."

Kisha akaomba mtaimbo. Fundi alinitazama, mimi nikatazama pembeni. Mama hakuwa na nguvu ya kuunyanyua vizuri, lakini aliusukuma mara mbili, na tofali moja likaangukia nje. Likachubua ukuta mweupe.

Nilinunua na jiko la gesi. Alilikubali kwa chai tu. Maharage na samaki, alisema, havipikwi kwa moto usio na harufu. Tukabishana, tukafika mahali: kuni mara moja kwa siku, dirisha wazi, na mimi nachochea. Kikohozi hakikwisha. Daktari alisema mapafu hayarudi utotoni. Lakini kilipungua, akawa anaweza kucheka mpaka mwisho wa mzaha bila kusimama njiani.

Kaka alikuja likizo iliyofuata. Kitu cha kwanza alichokiona ni ukuta, ambao kwa wakati ule ulikuwa na ulimi mrefu mweusi kuanzia usawa wa dirisha la jiko mpaka paani.

"Huu inabidi upakwe tena," akasema.

"Paka," mama akamwambia. "Mie ntapika."

Akapaka. Mwezi ule ule ukaingia weusi. Safari hii hakugusa dirisha. Siku moja nilimkuta amekaa jikoni juu ya gogo, anamenya muhogo, macho yamemvimba kwa moshi. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alisahau kabisa kama dirisha lile liliwahi kuwepo. Nikamwambia na mimi. Mama, aliyekuwa anageuza samaki, akasema sisi tuna raha, tunasahau vitu ambavyo wengine wanavivuta.

Mwaka huu jirani yetu, mke wa mtu mkubwa ofisini, alinijia kuniuliza. Mkwewe anakohoa, mtoto wao yuko ng'ambo, wanataka kununua mashine ya hewa, na amesikia mimi nina uzoefu wa kuchagua. Ni bora ya aina gani, na inafaa ukumbi wa ukubwa gani? Nikamwambia nitamsaidia kwa moyo mmoja, ila kwanza anionyeshe jiko lake.

Alininunia. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kichwa tu, na mkwewe namsikia kila alfajiri ng'ambo ya ukuta.